Ngozi haisomwi kwa jicho pekee: Funzo la wauguzi wa ufuo wa Ziwa Victoria

Wahenga walisema, "Ngozi ivute ili maji." Wanafunzi wengi huikosea methali hii kwa sababu ya neno "ili". Hudhani ni kiunganishi kile cha kueleza kusudi, kana kwamba ngozi inavutwa ili itoe maji. La hasha. Hapo pana kitenzi kikongwe "-li" kilichobeba kiambishi cha ngozi, "i-". Maana yake ni: ivute ngozi ingali majimaji, kabla haijakauka ikagoma. Aghalabu tunaitumia kumhimiza mzazi amwongoze mwana angali mdogo. Leo naomba tuirudishe kwenye ngozi yenyewe, ngozi ya binadamu, na hasa mikononi mwa wauguzi wa Kisumu na ufuo mzima wa Ziwa Victoria, au Nam Lolwe kama wanavyoliita wenyeji.

Kwani kuna siku ngozi huvutwa kweli. Mwaka 1997 kipindupindu kilipozuka Nyanza, watafiti walibaini kwamba maji ya kunywa yaliyotekwa ziwani yalikuwa njia mojawapo ya maambukizi. Mtoto akiletwa zahanati akiwa anaharisha, muuguzi hakuwa na haja ya mashine. Aliifinya ngozi ya tumbo, katikati ya kitovu na ubavu, kisha akaiachilia. Ikirudi mara moja, heri. Ikirudi polepole sana, zaidi ya sekunde mbili, basi mwili umekauka na kila dakika ina thamani. Ngozi ilivutwa ili kujua kama ingali na maji. Sidhani wahenga waliwazia hilo, lakini methali ilikaa mahali pake barabara.

Hoja yangu wiki hii ni nyepesi kuitamka, ngumu kuitekeleza. Uuguzi wa kisasa umefundishwa kwa vitabu vilivyotungwa kwa ajili ya ngozi nyeupe, na kwa maneno ya rangi yanayofaa ngozi hiyo: wekundu, ubuluu, umanjano. Kwenye ngozi nyeusi maneno hayo mara nyingi hayaoni kitu. Historia ya ufuo huu inaonyesha kwamba kila mara maarifa yaliposonga mbele, yalisonga kwa sababu mtu aliacha kutegemea jicho peke yake. Alitumia vidole, au alimsikiliza mgonjwa. Na kusikiliza, msomaji, ni kazi ya lugha.

Tuanze na malale. Reli ilifika Port Florence, yaani Kisumu ya leo, mwezi Desemba 1901. Mwaka huohuo madaktari wa misheni ya Mengo, Kampala, ndugu wawili Albert na Jack Cook, walitambua kwamba malale imeingia Uganda. Ugonjwa ulienea kandokando ya ziwa na katika visiwa vyake, na kufikia mwisho wa muongo ule watu zaidi ya 200,000 walikuwa wamekufa, wengi wao Uganda. Mwaka 1903 David Bruce alithibitisha kwamba vijidudu vya ugonjwa huo husambazwa na mbung'o.

Sasa, malale huacha alama kwenye ngozi. Mgonjwa wa kwanza kabisa ambaye vijidudu hivyo vilitambuliwa katika damu yake alikuwa Mzungu, nahodha wa meli ya mtoni huko Gambia, na madaktari waliandika kuhusu mabaka mekundu mwilini mwake. Vitabu vikalinakili. Lakini ufukweni mwetu mabaka hayo yalikuwa vigumu mno kuonekana. Je, watu wa huku hawakuwa na alama? Walikuwa nayo, ila haikuwa ya kutazamwa. Ilikuwa ya kupapaswa: matezi yaliyovimba nyuma ya shingo. Daktari Mwingereza Thomas Winterbottom, aliyefanya kazi Sierra Leone, alikuwa ameieleza alama hiyo tangu mwaka 1803. Mwaka 1904 watafiti waliokuwa Uganda walionyesha kwamba ukichoma sindano kwenye tezi hilo unaweza kuwapata vijidudu wenyewe. Tangu hapo kupapasa shingo kukawa desturi ya ukaguzi.

Hata hivyo tusifie kwa kiasi. Watu walipangwa mistari, shingo zikapapaswa na mkaguzi asiyeuliza neno. Tezi la shingoni huvimba kwa sababu nyingi, hata kwa vidonda vya kichwani. Mkono ulishajifunza, lakini sikio lilikuwa bado halijaitwa kazini.

Sikio liliitwa na ukoma. Ugonjwa huu Waswahili wa pwani waliuita pia jedhamu, kwa Kiarabu, na Wajaluo huuita "dhoho". Huko Alupe, Busia, karibu na mpaka wa Uganda, palikuwa na kituo cha ukoma tangu zama za mkoloni, ambacho baadaye kilikuja kuwa chini ya Taasisi ya Utafiti wa Matibabu ya Kenya, KEMRI. Baka la ukoma kwenye ngozi nyeusi huwa limefifia rangi, na wakati mwingine lina wekundu hafifu. Likitazamwa tu, linaweza kudhaniwa ni choa, au baka la kuzaliwa, au kovu la moto. Ndipo muuguzi anapochukua kipande cha pamba, akamwambia mgonjwa afumbe macho, akamgusa taratibu, ndani ya baka na nje ya baka, huku akimuuliza: "Nimekugusa wapi?" Palipokufa ganzi, mgonjwa hanyanyui kidole. Kisha muuguzi huupapasa mshipa wa fahamu unaopita nyuma ya kiwiko, aone kama umenenepa.

Angalia mantiki ya kipimo hicho. Jibu halimo kwenye rangi. Limo katika kauli ya mgonjwa, au katika ukimya wake. Pasipo lugha ya pamoja, pamba haina kazi.

Mwaka 1959 ufuo ukapata somo jingine. Homa iliyozuka kwa Waacholi wa kaskazini mwa Uganda ilishuka hadi ziwani, ikaingia Nyanza, na katika miaka michache ikawapata watu wanaokadiriwa kuwa milioni mbili Afrika Mashariki. Viungo viliuma mtu asiweze kusimama wima, matezi yakavimba, na ngozi ikatoka vipele vinavyowasha. Vitabu havikuwa na jina la ugonjwa huo. Wagonjwa walikuwa nalo: o'nyong'nyong, neno la Kiacholi linalohusu kuvunjika kwa viungo. Wanasayansi walipovitambua virusi vyake, jina walilolipeleka maabarani na kwenye majarida ya dunia lilikuwa lilelile la wanakijiji. Kabla ya hapo, miaka ya 1930, daktari Cicely Williams alikuwa amefanya vivyo hivyo Ghana, iliyoitwa Gold Coast. Aliwaona watoto waliovimba miguu na ngozi kubanduka kama rangi ya ukuta mkuukuu, akauliza akina mama wanauitaje ugonjwa huo, wakamjibu kwa Kiga: kwashiorkor. Sisi tunauita unyafuzi. Dunia nzima inatumia neno la Kiga. Basi anayesema lugha zetu haziwezi kubeba sayansi ya tiba, mwulize haya mawili yaliingiaje.

Tuje Siaya. Katika miaka ya 1990, hospitali ya wilaya ya Siaya ilikuwa ikipokea watoto wengi waliopungukiwa na damu kwa sababu ya malaria. Kumwongezea mtoto damu kuliweza kumwokoa, lakini katika zama zile za ukimwi damu yenyewe ilikuwa na hatari yake. Kwa hiyo swali la muuguzi lilikuwa la kufa na kupona: huyu ana upungufu mdogo, au mkubwa? Maabara hazikuwepo kila zahanati. Je, uso wa mtoto mweusi unaonyesha weupe wa kukosa damu? Kwa shida. Desturi ilikuwa kuvuta kope la chini na kutazama utando wa ndani, lakini mtoto hulia, na jicho lenye maambukizi huwa jekundu hata kama damu imekwisha.

Utafiti uliofanywa magharibi mwa Kenya, na kuchapishwa mwaka 1997, ulikipima kiganja kama dalili ya upungufu huo. Kiganja kikawa sehemu ya mwongozo wa kuwatibu watoto wagonjwa uliotolewa na Shirika la Afya Duniani na UNICEF, ambao wauguzi wanautumia katika nchi nyingi. Maelekezo yake yanavutia. Mshike mtoto mkono kutoka upande, kwa upole. Usivikunje vidole kwenda nyuma, maana utaizuia damu na kiganja kitapauka kwa kosa lako. Kisha linganisha kiganja cha mtoto na chako wewe mwenyewe, na cha watoto wengine. Kipimo ni kiganja cha muuguzi. Kwa mara moja, aliyewekwa kuwa kawaida ya kulinganishia si mtoto wa Ulaya aliyechorwa kitabuni. Ni sista wa zahanati ya Siaya mwenyewe.

Lakini hapohapo Kiswahili kikatega mtego. Mwambie mama, "Mtoto wako amekuwa mweupe," uone. Katika maongezi yetu "mweupe" ni sifa ya rangi ya mwili, na wako wanaoipokea kwa tabasamu. Mama ameambiwa habari ya hatari, naye amesikia pongezi! Neno lifaalo lipo siku zote: kupauka. Kiganja kilichopauka hakimsifu mtu.

Si kila usomaji wa ngozi ulikuwa wa rehema. Ukimwi ulipoikumba Nyanza kuliko sehemu nyingi za Kenya, majirani nao waligeuka wasomaji wa ngozi. Vipele vya kuwasha vilivyoacha madoa meusi mikononi, malengelenge ya mkanda wa jeshi yaliyozunguka ubavu mmoja, ngozi iliyosinyaa: kila alama ilikuwa na mashahidi sokoni. Wengine walinong'ona ugonjwa wenyewe. Wengine walisema ni chira, ule udhoofu unaoaminika kumpata aliyevunja miiko ya jamii. Alama zilezile muuguzi alizitumia kupanga hatua ya ugonjwa ili aanze kutibu, na jirani alizitumia kutoa hukumu. Tofauti ilikuwa mbili tu: muuguzi aliuliza kabla ya kusema, na alichokisoma hakukitoa nje ya chumba. Ngozi ni hati ya mwenyewe. Anayeisoma anapewa dhamana.

Sasa tuingie wodini, mahali ambapo hoja hii inauma hadi leo. Florence Nightingale aliandika mwaka 1859 kwamba mgonjwa akipata kidonda kwa kulala kitandani, mara nyingi lawama si ya ugonjwa, ni ya uuguzi. Mwaka 1962 muuguzi Mwingereza Doreen Norton na wenzake walitoa kipimo cha kukadiria nani yumo hatarini, na mwaka 1987 Wamarekani Barbara Braden na Nancy Bergstrom wakatoa chao, ambacho sasa kinatumiwa sana. Ukivichunguza vipimo hivyo viwili, hakuna hata kimoja kinachouliza rangi. Vinauliza kama mgonjwa anaweza kujigeuza, kama ana unyevu wa mkojo au jasho, au kama anakula vizuri. Havina ubaguzi.

Ubaguzi, ambao sidhani ulikusudiwa, uliingia kwenye hatua inayofuata: kuitambua dalili ya kwanza ya kidonda. Kwa miaka mingi dalili hiyo ilifafanuliwa kuwa wekundu usiotoweka ukibonyezwa kidole. Kwenye ngozi ya maji ya kunde nyepesi utauona. Kwenye ngozi nyeusi tititi, ile Wajaluo husema "rateng'", wekundu hauji. Pahali penyewe huweza kuwa peusi zaidi, au zambarau, au pakabaki vilevile machoni. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wataalamu wa Marekani waliupanua ufafanuzi wakaongeza joto, ugumu au ulaini wa nyama, na maumivu au mwasho. Yaani walirudi kwenye mkono na sikio, mahali ambapo wapimaji wa ukoma walikuwa zamani.

Muuguzi mmoja aliyewahi kuwa mwanafunzi wangu wa Kiswahili alinisimulia kisa cha wodi fulani, ambayo sitaitaja, katika miji yetu ya ziwani. Bibi wa miaka themanini na kitu alikuwa amevunjika nyonga. Zamu ya usiku ilimuuliza:

"Dani, mgongo unauma?"

"Hauumi, nyar­wa. Panawaka tu."

Kwenye faili pakaandikwa kwa Kiingereza kwamba mgonjwa hana maumivu na ngozi haina wekundu. Kila neno lilikuwa kweli. Zamu ya asubuhi ikasoma faili, ikaridhika. Siku ya pili ngozi ya kiunoni ilikuwa imechubuka, na siku ya tano palikuwa na kidonda kilichochukua miezi kupona. "Panawaka" halikuwa limepata mlango wa kuingilia kwenye faili. Hapakuwa na mahali pa kuliandika, wala neno la Kiingereza ambalo zamu ya usiku ililiona linafaa. Kama mtu angeliweka kiganja pale, kwa upande wa nyuma wa mkono ambao hulihisi joto vizuri, angelisikia kwamba bibi alikuwa ameitaja dalili yenyewe.

Mifano ya namna hii si ya huku tu. Mwaka 1953 Virginia Apgar alichapisha kipimo cha mtoto mchanga ambacho wakunga wa dunia nzima wanakitumia. Moja ya alama zake tano ni rangi, na alama kamili hupewa mtoto aliye wa waridi mwili mzima. Mkunga wa Kisumu hana budi kuitafsiri kanuni hiyo papo hapo: hutazama ulimi, midomo, viganja na nyayo. Mnamo Desemba 2020 utafiti wa Marekani ulionyesha kwamba kile kifaa cha kubana kidoleni ili kupima oksijeni kilishindwa kuonyesha upungufu kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi ya kwa wazungu. Mwaka huohuo Malone Mukwende, mwanafunzi wa udaktari mjini London mwenye asili ya Zimbabwe, alitoa pamoja na walimu wake kijitabu cha kuonyesha dalili zinavyojitokeza kwenye ngozi nyeusi. Ni kazi njema. Lakini picha ni za jicho. Nani ataandika kijitabu cha maneno?

Hapa ndipo wanalugha tunapodaiwa. Majina mengi ya rangi katika Kiswahili tumeyaazima kutoka kwa vitu: manjano ni kiungo cha mchuzi, zambarau ni tunda, kijivu ni jivu. Ukiyategemea majina hayo wodini, una rangi chache. Lakini tazama vitenzi vya ngozi! Ngozi husawijika kwa maradhi au majonzi. Hupauka, hufubaa, husinyaa, huparara. Hutuna, huvimba, na ukibonyeza hubonyea. Huchubuka, hubabuka, hubanduka. Huwasha, huchoma, huwaka, hufa ganzi. Kila kimoja kina mpaka wake. "Kuchubuka" ni kwa msuguano, "kubabuka" ni kwa moto au maji moto. Hata jina la maradhi laweza kuwa ripoti nzima ya uchunguzi: "safura", tunalolitumia kwa ugonjwa wa minyoo inayonyonya damu, lina asili ya neno la Kiarabu la rangi ya manjano na nyongo. Aliyetangulia kulitumia alikuwa ameutazama mwili wa mgonjwa kabla ya hadubini kuletwa.

Sitaki nieleweke vibaya. Siombi faili za hospitali zihamishwe zote kwenda Kiswahili kesho asubuhi. Wauguzi wana kazi nyingi mno, na mgonjwa wa Kisumu huenda anajieleza kwa Dholuo, anajibiwa kwa Kiswahili, anaandikwa kwa Kiingereza, yote katika dakika tatu. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inataka mgonjwa aelezwe hali yake kwa lugha anayoielewa. Hiyo ni njia ya kwenda. Mimi naulizia njia ya kurudi: neno la mgonjwa lifikeje kwenye faili bila kupoteza joto lake?

Nina mapendekezo matatu. Kwanza, vyuo vya uuguzi viwafundishe wanafunzi vitenzi hivi, kwa Kiswahili na kwa lugha za wenyeji, kama wanavyofundishwa majina ya mifupa. Pili, fomu ya ukaguzi wa ngozi iwe na mstari mmoja wa kuandika neno la mgonjwa jinsi alivyolitamka, liwe "panawaka" au vinginevyo. Mstari mmoja tu. Tatu, sisi wa idara za Kiswahili tutoke ofisini tukakusanye msamiati huu wodini na kwa wahudumu wa afya wa vijijini, wale ambao huku Nyanza huitwa nyamrerwa, jina walilorithi kwa wakunga na watibabu wa watoto wa zamani. Wanayajua maneno ambayo kamusi zetu bado hazina.

Dalili ya kwanza ya kidonda cha kitandani hutibika kwa jambo rahisi: kumgeuza mgonjwa. Haihitaji dawa wala upasuaji. Inahitaji mtu aijue mapema, ngozi ingali nzima. Wahenga walishatuagiza tuivute ili maji.